Faida ya uzee: jibu kwa mwenye maabara wa Mtwara kuhusu uchakavu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo ya maabara na utafiti hapa Mtwara mjini. Tunapima udongo, tunapima ubora wa korosho ghafi kwa wanunuzi, na tunafanya tafiti ndogo za mikataba kwa miradi ya kilimo. Tulianza Januari 2022 na vifaa vya shilingi milioni 172: mashine za maabara milioni 120, pikapu milioni 40, kompyuta na printa milioni 12. Tangu hapo hatujanunua kifaa kingine cha maana. Kila mwaka tunaingiza kama milioni 140 na tunatumia 118. Mwisho wa mwaka kila mmoja wetu anachukua milioni 4, na hadi Desemba 2025 benki tulikuwa na milioni 40. Lakini mhasibu anasema kila mwaka tunapata hasara ya milioni 4 kwa sababu ya uchakavu. Ni hasara gani hiyo tusiyoiona? Nimesoma pia kwamba kampuni kubwa za utafiti za nje zina uchakavu mkubwa kuliko wanachowekeza, na bado zina nguvu. Sasa tumepata ofa ya HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizomo kwenye sampuli, iliyotumika Ulaya, milioni 70. Tuongezee mkopo tuichukue, au tuache?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu, na lile la katikati ndilo watu wengi hulitumia kujifariji, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tuanze na hasara yenu.

Mhasibu wenu amezipa mashine za maabara miaka 8, pikapu miaka 5 na kompyuta miaka 4. Kwa mstari nyoofu, yaani kiasi kilekile kila mwaka, hiyo ni milioni 15, milioni 8 na milioni 3. Jumla milioni 26. Nyinyi mnabakiwa na fedha taslimu milioni 22. Toa 26, unapata hasara ya 4. Hesabu iko sawa.

Huioni hasara hiyo kwa sababu fedha yake ilishatoka Januari 2022, siku mliyolipia vifaa. Mhasibu haitoi mara ya pili. Anaigawa tu kwenye miaka inayovifaidi vile vifaa. Kwa hiyo ni kweli kwamba uchakavu hautoi hata senti benki. Kosa linaanza pale mtu anapomalizia mwenyewe sentensi hiyo kwa kusema “basi hauna maana”.

Angalia miaka yenu minne. Mmezalisha milioni 22 mara nne, yaani 88. Mmegawana milioni 12 kila mwaka, yaani 48. Zimebaki 40, na ndizo zilizoko benki. Sasa upande wa pili. Uchakavu wa miaka hiyo minne ni milioni 104. Kompyuta zimekwisha kabisa vitabuni, pikapu imebakiza milioni 8, mashine za maabara zimebakiza 60. Mali iliyoanza na 172 imebaki 68, na kilichopo cha kuziba pengo la 104 ni 40. Milioni 64 hazipo. Kati ya hizo, 16 ni hasara ya uendeshaji na 48 mmegawana. Kwa lugha ya sokoni, mmekula mtaji. Hakuna aliyeiba wala aliyefanya uzembe, ila kila Desemba mlikuwa mnagawana kipande cha mashine mkidhani ni faida.

Lililo baya zaidi linakuja, nalo litakuja na sura nzuri. Mwaka 2026 kompyuta hazina uchakavu tena, kwa hiyo uchakavu unashuka hadi milioni 23 na hasara yenu inashuka hadi milioni 1. Mwaka 2027 pikapu nayo imekwisha, uchakavu unabaki milioni 15, na kwa mara ya kwanza mhasibu atawaletea faida ya milioni 7. Mtataka kusherehekea. Lakini haijaongezeka sampuli hata moja, bei haijapanda, mteja mpya hakuna. Kilichobadilika ni kwamba vifaa vimezeeka. Mimi huiita faida ya uzee, na nimeiona kwenye hesabu za kampuni nyingi zinazotegemea vifaa: miaka miwili ya mwisho kabla mashine hazijafa ndiyo inayoonekana mizuri kuliko yote.

Kipimo cha kukukinga na udanganyifu huo ni kuchukua ulichonunua mwaka huu katika mali za kudumu na kukigawa kwa uchakavu wa mwaka huu. Kikizidi 1 kwa miaka kadhaa, kampuni inajijenga. Kikikaa karibu na 1, inajitunza. Chenu ni sifuri, miaka minne mfululizo. Kipimo kingine ni uchakavu uliokusanyika juu ya gharama ya awali: 104 kwa 172, yaani vifaa vyenu vimeshatumika kwa asilimia 60. Mkopeshaji anayejua kazi yake ataipata namba hiyo kabla hujamaliza kunywa chai.

Sasa hao wa nje. Ulichosoma ni kweli kwa baadhi yao, ila mstari unaoitwa uchakavu kwenye hesabu za kampuni kubwa ya utafiti umebeba vitu ambavyo wewe huna. Chukua IQVIA ya Marekani, inayofanya tafiti za dawa kwa mikataba. Ilizaliwa mwaka 2016 Quintiles ilipoungana na IMS Health. Kila mwaka uchakavu wake, pamoja na upunguzaji wa thamani ya mali zisizoshikika, unapita dola bilioni 1, na inachonunua katika mali ni kidogo kuliko hapo. Ukigawa unapata chini ya 1, na ukiishia hapo utasema kampuni inajila. Lakini sehemu kubwa ya ile bilioni inatokana na thamani ya mahusiano na wateja, hifadhi za data na vitu vya namna hiyo vilivyoingizwa vitabuni kampuni ziliponunuliwa au kuunganishwa. Thamani ya orodha ya wateja ikiisha vitabuni, hakuna anayekwenda dukani kununua nyingine. Pikapu yako ikiisha, utakwenda.

Ndiyo maana kabla ya kujilinganisha na kampuni ya nje lazima utoe kwanza upunguzaji unaotokana na ununuzi wa kampuni nyingine. Ukishautoa, uwiano wa nyingi hubadilika sana, na zile zilizobaki chini ya 1 ndizo za kuzitilia shaka.

Kuna mtego mwingine kwa kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS. Tangu 2019, kwa kiwango cha IFRS 16, jengo la kupanga kwa muda mrefu linaingizwa vitabuni kama haki ya matumizi, nalo linachakaa. Uchakavu unaonekana mkubwa, lakini kwenye fedha zilizolipwa kununua mali jengo hilo halipo, kwa sababu halikununuliwa. Kampuni iliyoacha kujenga ikaanza kupanga itaonekana imepunguza uwekezaji, kumbe imebadilisha tu namna ya kulipa. Na kupanga ndiko walikoelekea wengi. Baada ya fedha nyingi kumiminika kwenye bioteknolojia wakati wa korona, maabara zilijengwa kwa kasi Boston na San Francisco. Riba zikapanda, fedha zikakauka, na kuanzia 2023 wenye majengo wakabaki na nafasi tupu. Aliyepanga alirudisha funguo mkataba ulipoisha. Aliyejenga amebaki na uchakavu.

Halafu lipo lililo kubwa kuliko hayo yote. Uwekezaji mkuu wa kampuni ya utafiti haumo kwenye mashine. Umo kwenye mishahara ya watafiti, na mhasibu haruhusiwi kuihesabu mishahara hiyo kama mali kirahisi. Kwa IAS 38, kiwango cha uhasibu cha mali zisizoshikika, hatua ya utafiti ni gharama ya mwaka huohuo. Hatua ya uendelezaji wa bidhaa inaweza kuwa mali, lakini ikitimiza masharti magumu. Kwa kampuni ndogo kama yenu, inayotumia IFRS ya biashara ndogo na za kati, hatua zote mbili ni gharama na hakuna mjadala. Mtu akisoma vitabu vyenu hataona kabisa zile siku mlizotumia kutengeneza utaratibu wenu wa kupima udongo wa kichanga wa huku kwetu, ijapokuwa pengine hiyo ndiyo mali yenu ya thamani kuliko zote.

Wanatakwimu wa uchumi wameliona tatizo hilo. Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 2008 uliamua kwamba utafiti ni uwekezaji, na Marekani ikaanza kuuhesabu hivyo Julai 2013. Walipoamua hivyo ikabidi wajiulize maarifa huchakaa kwa kasi gani. Ofisi yao ya uchambuzi wa uchumi ilikadiria asilimia 10 kwa mwaka kwa utafiti wa dawa, 16 kwa kampuni za huduma za utafiti wa kisayansi, na 40 kwa kompyuta. Nadhani mpangilio huo una mantiki: ujuzi wa dawa unalindwa na hataza na vibali vinavyochukua miaka mingi, ilhali wa kompyuta unapitwa kabla wino haujakauka.

Watu wa kodi nao wakafanya lao. Kuanzia 2022, Marekani iliwazuia wafanyabiashara kukata gharama za utafiti mwaka uleule. Ilibidi zigawanywe kwa miaka 5 kama utafiti umefanyika ndani ya nchi, na miaka 15 kama umefanyika nje. Julai 2025 sheria mpya ikarudisha ukataji wa mara moja kwa utafiti wa ndani, na wa nje ukabaki kwenye 15. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mchoro wa mwenendo wa uchakavu wa kampuni za utafiti, muulize kwanza namba zimetoka wapi: kwenye vitabu vya wanahisa, kwenye takwimu za taifa, au kwenye kodi? Ni hesabu tatu tofauti zenye jina moja.

Mwelekeo mmoja wa huko nje una somo la moja kwa moja kwako. Mashine za sayansi hufa kwa kupitwa na wakati zikiwa bado nzima. Januari 2014 Illumina ilileta HiSeq X Ten ya kusoma vinasaba, ikiuzwa kwa seti ya mashine 10, kila moja karibu dola milioni 1. Januari 2017 kampuni hiyohiyo ikaleta NovaSeq. Maabara iliyokuwa imeipa ile ya kwanza maisha marefu vitabuni ilijikuta na mashine inayofanya kazi vizuri kabisa, lakini ambayo mteja anaikwepa kwa sababu jirani ana mpya. Seva nazo zina kisa chao. Mwaka 2023 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilirefusha maisha ya seva zake vitabuni kutoka miaka 4 hadi 6, na faida ikapanda kwa uamuzi wa mezani. Amazon ilizitoa kutoka 5 hadi 6 mwaka 2024, kisha mwaka uliofuata ikarudisha sehemu ya seva kwenye 5 kwa maelezo kwamba teknolojia, hasa ya akili bandia, inakimbia mno. Kama wao wenye wahandisi wote hao wanabadili mawazo ndani ya mwaka mmoja, usione haya kubadili ya kwako.

Na ya kwako yanahitaji kubadilishwa. Miaka 8 kwa mashine zote za maabara ni makadirio ya mtu aliyekaa kwenye chumba kikavu. Mtwara si kukavu. Upepo wa baharini unaleta chumvi hadi ndani, na unyevu haupumziki. Fungua mlango wa spektrofotomita yenu, ile mashine ya kupima sampuli kwa mwanga, utazame kile kifuko cha silika jeli. Kama ni ya rangi ya buluu na imegeuka waridi, imeshiba maji, na kuanzia siku hiyo unyevu unatua kwenye vioo na vipitisha mwanga. Lenzi za hadubini zinaota ukungu mweupe kama utando wa buibui, ukichelewa unakula ule mpako wa juu na hausafishiki tena. Taa ya deuteri ya spektrofotomita ina maisha ya saa elfu moja hadi mbili hivi za kuwaka, na kuna wasaidizi wa maabara wanaoiwasha asubuhi na kuizima jioni hata kama sampuli za siku nzima ni sita. Umeme ukicheza bila kifaa cha kuutuliza, bodi inaungua mchana mmoja na kuondoka na miaka mitatu ya maisha iliyobaki vitabuni.

Kwa hiyo zitenganishe zile milioni 120. Tanuri ya kukaushia sampuli ni bati, waya na kidhibiti joto. Ipe miaka 10 nayo itakushukuru. Mizani nyeti na vifaa vya mwanga nisingevipa zaidi ya miaka 5 au 6 karibu na bahari. Kubadili makadirio hakuhitaji kurudi nyuma kufuta vitabu vya 2022. Unaanzia pale ulipo, unagawa thamani iliyobaki kwa miaka iliyobaki, na unaeleza sababu. Taa mpya ni matengenezo, iingie kwenye gharama za mwaka, isiongezwe kwenye thamani ya mashine.

Vipi kuhusu msimu? Najua kazi ya korosho inawajaa Oktoba hadi Januari, kisha vile vifaa vya kukatia sampuli vinakaa kabatini hadi msimu mwingine. Kwa vifaa vya namna hiyo, vinavyochoka kwa kutumika, unaweza kuhesabu uchakavu kwa idadi ya sampuli: mwaka wa sampuli nyingi unabeba mzigo mkubwa, mwaka wa chache unabeba mdogo. Viwango vinaruhusu. Visichoruhusu, tangu marekebisho ya mwaka 2014 ya IAS 16, kiwango cha mali za kudumu, ni kuhesabu uchakavu kwa kufuata mapato. Ila usiitumie njia hiyo kwa vifaa vya mwanga na vya kielektroniki. Februari hadi Septemba vimezimwa, lakini chumvi haina likizo.

Kuna jambo ambalo mhasibu wenu hawezi kuliweka kwenye vitabu, wewe liweke kichwani. Uchakavu unahesabiwa kwa bei mliyonunulia, ilhali mashine zinauzwa kwa dola. Mapema 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Mashine zile zile za milioni 120, kwa bei ileile ya dola, kwa kiwango hicho ni karibu milioni 136. Mtu aliyeweka akiba milioni 15 kila mwaka kwa uaminifu wote bado angepungukiwa.

Kodi nitaipitia haraka, ila isome na mhasibu wako, maana vitabu vyenu na TRA havitembei pamoja. Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 halijali miaka 8 wala 5 mliyochagua. Kompyuta na pikapu ziko daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Mitambo ya viwanda iko asilimia 25. Samani, vifaa vya ofisi na kila kisichotajwa kwingine viko asilimia 12.5, na huko ndiko vifaa vya maabara ya huduma huangukia. Nimesikia watu wakidai kwamba wanahudumia wakulima, kwa hiyo mashine zao zikatwe kwa asilimia 100 kama mitambo inayotumika kwenye kilimo. Kumpimia mkulima udongo si kulima. Nisingejenga bajeti juu ya hoja hiyo.

Matokeo yake kwenu ni haya. Mwaka wa kwanza makato ya kikodi yalikuwa milioni 34.5, makubwa kuliko uchakavu wa vitabuni. Mwaka wa nne yameshuka hadi karibu milioni 14.8, wakati vitabuni bado mnaandika 26. Yaani kwa 2025 vitabu vinasema hasara ya milioni 4, na hesabu ya kodi inasema mapato ya zaidi ya milioni 7 kabla ya kukata hasara za nyuma. Hasara hizo zitawakinga kwa muda, si daima. Sheria pia ina kodi ya kima cha chini inayotozwa kwenye mauzo kwa kampuni zinazobeba hasara za kikodi miaka mitatu mfululizo. Aangalie kama inawagusa. Na kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinaruhusu gharama za utafiti na uendelezaji wa biashara yako kukatwa. Siku mlizotumia kutengeneza utaratibu wenu wa udongo, kama zina kumbukumbu za saa na vocha, zidaiwe.

Haya, HPLC. Naelewa kinachowavuta. Ulaya inataka sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu, kwenye karanga na jamii ya korosho za kuliwa moja kwa moja isizidi mikrogramu 4 kwa kilo kwa jumla, na wasafirishaji wa korosho na ufuta wa Mtwara na Lindi wanahitaji mtu wa kuwapimia bila kungoja jibu la Dar es Salaam. Soko lipo kwenye mazungumzo. Mimi nataka kuliona kwenye karatasi.

Mashine iliyotumika ipe miaka 5, si zaidi. Milioni 70 kwa miaka 5 ni milioni 14 kwa mwaka. Mkipata sampuli 200 kwa mwaka, uchakavu peke yake ni shilingi 70,000 kwa sampuli. Mkipata 60, unapita 233,000, na hapo hamjanunua viyeyusho vya kiwango cha HPLC, safu za kutenganishia, maji safi, wala hamjamlipa fundi nauli ya kutoka Dar. Riba ya mkopo iko pembeni bado. Kisha kuna ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Bila hiyo cheti chenu mnunuzi wa nje atakiweka kando, na gharama ya kuipata na kuitunza haimo kwenye ile milioni 70.

Muulize muuzaji mwaka wa kutengenezwa na kama mtengenezaji bado anauza vipuri vya toleo hilo. Watengenezaji huacha kulihudumia toleo la zamani miaka kadhaa baada ya kusitisha kulizalisha, na maabara nyingi za Ulaya huuza mashine zao wakati huohuo. Wao wamemaliza uchakavu wao, wanakuuzia mwanzo wa wako.

Ushauri wangu ni kwamba msiinunue mwaka huu. Chukueni sampuli za sumukuvu, mzipeleke kwenye maabara yenye ithibati, wekeni asilimia yenu juu, na mhesabu zinakuja ngapi msimu mzima. Hiyo ndiyo takwimu ambayo ofa ya milioni 70 haina. Mahospitali hupata mashine za damu bila kuzinunua, kwa mkataba wa kununua vitendanishi kwa aliyeziweka. Kwa HPLC ni nadra, lakini kuuliza hakuna bili.

Zile milioni 40 ziacheni zifanye kazi yake. Kwanza kifaa cha kutuliza umeme na kikausha hewa kwenye chumba cha vifaa vya mwanga. Pili kompyuta, ambazo vitabuni zimeshakufa na naamini mezani zinakoroma. Kinachobaki kifunguliwe akaunti yake, jina lake mashine, sahihi tatu. Mgawo wa milioni 4 kila mmoja usimame hadi kampuni ipate faida baada ya uchakavu, na faida ya 2027 msiihesabu.

Halafu pandisheni bei. Pengo lenu si kubwa kama linavyotisha. Hasara ya milioni 4 kwenye mauzo ya 140 ni asilimia 3 hivi. Ukiongeza milioni 2 za kufidia dola, inakuwa asilimia 4 na kidogo. Wateja wa mikataba ya tafiti watalipa bila kelele, anzeni nao. Mkulima wa udongo mwacheni kwa sasa, kwa sababu atawalinganisha na Naliendele, kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na hapo hamtashinda. TARI ni taasisi ya umma, haihitaji kurudisha bei ya mashine kutoka kwenye mfuko wa mkulima mmoja mmoja kama mnavyohitaji nyinyi. Shindaneni naye kwa haraka ya majibu, si kwa bei.

Mkienda benki baadaye, msiende na zile milioni 22 peke yake mkisema ndizo za kulipia mkopo. Ofisa mikopo atafurahi, lakini mkizilipa zote kwake mashine za sasa zitakufa bila mrithi kabla mkopo haujaisha. Nenda na jedwali la vifaa lenye tarehe za kufa, moja moja, na fedha ya kubadilishia imekatwa kwanza. Kinachobaki chini ya mstari ndicho cha kukopea.

Ukitaka niiangalie ile HPLC zaidi, nitumie namba ya toleo, mwaka wake, na majina ya wanunuzi walioandika kwa maandishi kwamba wataleta sampuli. Walioahidi kwa mdomo usiwaweke.